Rimoti, Alamu na Imobilaiza ya Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwenye gari, si wa fundi. Umeelekezwa zaidi kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, yaani IST, Passo, Vitz, Premio, Demio, Forester na wenzao, kwa sababu ndiyo yaliyojaa barabarani Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi. Tena ndiyo yanayoshuka bandarini na ufunguo mmoja na kitabu cha maelekezo cha Kijapani ambacho hakuna mtu nyumbani anayeweza kukisoma.

Gari langu linafunga milango kwa rimoti. Maana yake lina alamu?

Hapana, na hili ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Kuna kazi tatu ndani ya gari, na kila moja inajitegemea. Ya kwanza ni sentro loki: unabonyeza, milango yote inafunga. Ya pili ni alamu: mtu akifungua mlango, boneti au buti bila rimoti, honi au king'ora kinapiga kelele. Ya tatu ni imobilaiza: injini haiwaki mpaka kompyuta ya gari itambue chipu iliyo ndani ya ufunguo. Gari linaweza kuwa na zote tatu, likawa na mbili, au likawa na ile ya kwanza peke yake.

Kupima ni rahisi. Shusha kioo cha dereva, toka nje, funga milango yote kwa rimoti, kisha subiri dakika moja, maana alamu nyingi za kiwandani huchukua karibu nusu dakika kujiweka tayari. Halafu ingiza mkono dirishani, vuta kitasa cha ndani na ufungue mlango. Honi ikilia, una alamu. Kukiwa kimya, una sentro loki tu, na ule mlio wa "pip" au indiketa kupepesa ulikuwa unakwambia kwamba milango imefungwa, basi.

Na imobilaiza nitaijuaje?

Funga milango, zima kila kitu, toa ufunguo, kisha angalia dashibodi. Kama kuna kataa kekundu, yaani taa ndogo nyekundu, kanapepesa polepole, mara nyingi kenye mchoro wa gari na ufunguo au kufuli, unayo. Kataa hako kupepesa gari likiwa limezimwa ni kawaida na hakamalizi betri. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni kakiendelea kuwaka au kupepesa haraka baada ya kuweka ufunguo na kufungua swichi. Hapo gari linasema halijautambua ufunguo.

Umoja wa Ulaya uliwalazimisha watengenezaji kuweka imobilaiza kwenye magari madogo mapya tangu mwaka 1998. Kwa hiyo gari lililotoka Uingereza baada ya hapo karibu hakika linayo. La soko la Japani linategemea toleo: magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana. Usimwamini muuzaji kwa maneno. Angalia kataa.

Taa zinapepesa mara moja nikifunga na mara mbili nikifungua. Gari la jirani ni kinyume. Lipi lina tatizo?

Hakuna lenye tatizo. Toyota na Subaru hupepesa mara moja zikifunga, mara mbili zikifungua. Nissan nyingi hufanya kinyume. Kitu cha kukishtukia ni pale gari lako linapobadilisha tabia yake. Ukibonyeza kufunga na taa zisipepese kabisa, au honi ikatoa mlio mrefu, kwa kawaida mlango mmoja au buti havijashika vizuri. Alamu za kufunga mtaani nyingi zina ishara nyingine: ukifungua zikalia mara tatu au nne badala ya mbili, maana yake alamu ililia ukiwa haupo.

Rimoti imeanza kukataa mpaka niisogeze karibu. Imeharibika?

Anza na betri. Rimoti nyingi zinatumia CR2032, CR2016 au CR1632, zote za volti 3. Namba hizo si urembo: tarakimu mbili za mwanzo ni upana kwa milimita na mbili za mwisho ni unene, hivyo 2032 ni milimita 20 kwa 3.2, na 2016 ni nyembamba nusu yake. Ndiyo maana ukiweka 2016 mahali pa 2032 inachezacheza na kugusa inapojisikia. Fungua rimoti, soma namba ya betri iliyomo, nunua hiyo hiyo. Mwambie muuzaji aipime kwa mita mbele yako, kwa sababu betri zilizolala dukani miaka mingi zinauzwa kama mpya. Betri mpya inasoma volti 3 na zaidi kidogo.

Ukishaitoa ya zamani, usiiache mezani. Mtoto akimeza betri ya aina hii inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Ukihisi tu kwamba amemeza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri aanze kulia.

Kama betri ni mpya na bado inakataa, jaribu ukiwa sehemu nyingine. Karibu na minara ya redio au simu, rimoti huzidiwa nguvu. Halafu chomoa chaja ya simu uliyochomeka kwenye tundu la sigara. Chaja za bei rahisi hutoa kelele za redio zinazoziba masikio ya kipokezi cha gari, na fundi anaweza kuhangaika siku nzima na waya wakati mkosaji amekaa pale pale anachaji simu.

Rimoti imekufa kabisa na niko nje ya gari. Nifanyeje?

Kama ni ufunguo wa kawaida wenye vitufe, ingiza kwenye tundu la mlango wa dereva na ufungue kwa mkono. Gari litawaka kama kawaida, kwa sababu betri ya rimoti inatumika kwa vitufe tu. Chipu ya imobilaiza haina betri. Inapata umeme wake kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la swichi.

Kama ni gari la kubonyeza kitufe kuwasha, lile la smati kii, geuza rimoti uangalie pembeni: kuna kitelezi kidogo. Kivute, na ufunguo wa chuma utatoka ndani. Watu wengine wameendesha Harrier miaka bila kujua kwamba huo ufunguo upo. Tundu la mlangoni wakati mwingine limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki kwenye kitasa. Ukishaingia, kanyaga breki na ugusishe rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwasha. Gari litasoma chipu kwa ukaribu huo, kisha bonyeza.

Jiandae kwa jambo moja: kama gari lina alamu ya kiwandani na ulilifunga kwa rimoti, kulifungua kwa chuma kunaweza kuamsha honi. Usikimbie. Washa gari au fungua swichi kwa ufunguo halali, itanyamaza.

Nilibadilisha kava ya ufunguo mtaani, sasa vitufe vinafanya kazi lakini gari haliwaki. Kwa nini?

Chipu imebaki kwenye kava ya zamani. Hili linatokea kila wiki. Aliyekubadilishia alihamisha ile sahani ya vitufe na betri, akaona indiketa zinapepesa, akasema tayari. Lakini kwenye funguo nyingi chipu ni kitu cha peke yake: kipande cheusi kama kaa dogo la mkaa, au kichupa cha kioo kisichozidi punje ya mchele, kimebanwa au kugundishwa kwenye pembe ya kava. Hakina waya wala rangi, kinaonekana takataka, na kinatupwa na takataka.

Dalili zake ni kwamba stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki, au inashika sekunde moja mbili na kuzima. Rudi haraka ulikobadilishia uiombe kava ya zamani kabla hawajafagia. Ukiipata, kazi ni dakika tano. Ukiikosa, unatengeneza chipu mpya kwa mashine, na kama huo ndio ulikuwa ufunguo wako pekee bei inapanda sana.

Siku nyingine, kava ikibadilishwa, simama hapo hapo na uombe kuonyeshwa chipu ikiingia kwenye kava mpya.

Gari limekuja na ufunguo mmoja. Kuna haraka ya kutengeneza wa pili?

Ipo, tena kubwa kuliko kubadilisha rimu. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, fundi anauongeza wa pili kwa kunakili chipu au kumwambia gari "huyu naye ni wetu". Ukiupoteza huo mmoja, hakuna cha kunakili. Hapo fundi anaingia kwenye kompyuta ya gari, wakati mwingine anaitoa na kuifungua mezani, afute kumbukumbu na kuandika funguo upya. Kazi ya kwanza ni ya kusubiri ukinywa chai, ya pili inaweza kukuchukua siku nzima na gari likabebwa kwa kriini hadi gereji.

Na ukishapata wa pili, usiutundike kwenye pete moja na wa kwanza. Tumeona hayo.

Nimeagiza rimoti mtandaoni, inafanana kabisa na yangu, lakini gari haliisikii.

Umbo halina maana sana. Rimoti za magari ya soko la Japani ziko kwenye megahezi 315 au jirani yake, za Ulaya kwa kawaida ziko kwenye 433.92. Plastiki inaweza kuwa ile ile, nembo ile ile, na mawimbi tofauti. Hata mawimbi yakilingana, aina ya chipu lazima iwe ile ambayo gari lako linaielewa. Kabla ya kuagiza, fungua rimoti yako na upige picha sahani ya ndani, pande zote mbili. Namba zilizoandikwa pale ndizo za kumtumia muuzaji. Kusema "rimoti ya IST ya 2005" hakutoshi.

Kuna mafundi wanaokopi rimoti kwa dakika moja, wanazigusisha tu mbili pamoja. Ni salama?

Swali zuri, na jibu lake ni kipimo cha bure cha alamu yako. Rimoti zipo za aina mbili. Aina ya zamani na ya bei rahisi hutuma msimbo ule ule kila unapobonyeza. Yeyote anayerekodi mara moja anao milele. Nyingi za mageti ya umeme ni za aina hii, na alamu kadhaa za bei ya chini pia. Aina ya pili hutuma msimbo unaobadilika: rimoti na gari vinahesabu pamoja, na msimbo wa jana ukirudiwa leo gari linaupuuza.

Kwa hiyo kama mtu ameweza kukopi rimoti ya alamu yako barabarani kwa kuigusisha tu na nyingine, huenda unatumia msimbo usiobadilika. Alichofanya yeye kwa ruhusa yako, mwingine anaweza kukifanya akiwa amekaa kwenye gari la pembeni.

Kwa wapenda historia: mfumo mmoja maarufu wa msimbo unaobadilika, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 na baadaye, mwaka 1995, ukauzwa kwa kampuni ya Marekani ya Microchip. Ulienea kwenye magari na mageti ya dunia nzima. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kuutoa ufunguo wake wa siri kwa kupima umeme unaotumiwa na kifaa wakati kinafanya kazi. Kwa hiyo hata msimbo unaobadilika haukupi kinga ya asilimia mia, ila unamwondoa mwizi wa kawaida, na huyo ndiye aliye wengi.

Mtoto amechezea rimoti nyumbani, kaibonyeza mara nyingi. Gari litaikataa?

Kwa kawaida hapana. Gari huvumilia rimoti iliyotangulia mbele kidogo kwenye hesabu. Ikitangulia mno, bonyeza mara mbili tatu ukiwa umesimama karibu na gari, mara nyingi vinakubaliana tena vyenyewe. Ikishindikana ndipo inaingizwa upya.

Nilifunga kwa rimoti, niliporudi vitu havipo, na hakuna kilichovunjwa. Inawezekanaje?

Inawezekana gari halikufunga kabisa. Kuna vifaa vinavyofunika mawimbi ya rimoti. Mtu anasimama sehemu ya maegesho na kifaa mfukoni, wewe unabonyeza huku ukitembea kuelekea dukani, gari halisikii kitu, wala wewe hugeuki. Afrika Kusini wizi huu kwenye maegesho ya maduka makubwa umezoeleka kiasi kwamba kuna mabango ya kuwakumbusha watu, na hauhitaji visa kufika huku.

Dawa yake haina gharama. Bonyeza ukiwa umesimama mlangoni, sikiliza loki zikigonga, kisha vuta kitasa. Masikio na mkono wako, si indiketa peke yake. Kwa gari la smati kii ujue kwamba ukivuta kitasa cha mbele na rimoti ikiwa mfukoni, gari linaweza kufunguka tena kwa sababu limekuhisi, kwani linakutambua kwenye umbali wa karibu sentimita 70 kutoka mlangoni. Jaribu mlango wa nyuma usio na kihisi, kama gari lako lina vihisi mbele tu.

Alamu inalia usiku wa manane bila sababu. Majirani wamechoka.

Sababu ipo, tuitafute. Kwanza uliza: alamu ni ya kiwandani au ilifungwa mtaani?

Ya kiwandani ikilia hovyo, mtuhumiwa wa kwanza ni swichi ya boneti, na hasa kwa sisi wa pwani. Inakaa mbele kabisa, inapigwa na maji ya kuoshea gari, vumbi na hewa ya chumvi. Ikishika kutu inamwambia kompyuta "boneti imefunguliwa" saa nane za usiku. Fungua boneti, itafute karibu na ndoano ya kufungia, isafishe na spirei ya kusafishia viunganishi vya umeme, uone kama chemchemi yake inarudi. Mtuhumiwa wa pili ni swichi za milango. Ukiona taa ya ndani inawaka na kuzima yenyewe ukiendesha kwenye rasta, umeshampata. Wa tatu ni betri ya gari iliyochoka: volti ikishuka usiku, mifumo mingine ya alamu inadhani mtu amekata waya wa betri.

Ya kufunga mtaani ina sababu hizo zote na moja ya nyongeza, sensa ya mtikisiko. Hiki ni kiboksi kidogo chini ya dashibodi chenye skrubu ya kurekebisha ukali. Mafundi wengi wanaiacha imekazwa mpaka mwisho, kwa sababu mteja anapopokea gari anapenda kulipiga kofi la boneti na kusikia kelele. Matokeo yake, embe likidondoka juu ya paa, paka akiruka, fuso likipita, au msikiti na baa vikifungulia spika, gari lako nalo linajibu. Legeza hiyo skrubu kidogo kidogo. Kipimo kizuri: ukigonga kioo kwa kifundo cha kidole isilie, au itoe onyo fupi tu, ukipiga tairi teke la kweli, ilie.

Usiache kuirekebisha kwa kuwa "angalau inalia". Alamu inayolia kila usiku inawafundisha majirani kutotoka nje, na usiku wa mwizi hawatatoka pia.

Alamu inamaliza betri ya gari?

Iliyo nzima haimalizi. Gari lililozimwa vizuri linatakiwa kunywa chini ya miliampia 50 kwa jumla, alamu ikiwemo. Kwa saa 24 hiyo ni ampia-saa 1.2. Betri ya NS60 yenye ampia-saa 45 hivi itakaa wiki kadhaa bila shida. Sasa chukua alamu iliyounganishwa vibaya inayokunywa ampia 0.3. Kwa siku ni zaidi ya 7, na ukiliacha gari kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumanne, hasa betri ikiwa si mpya, stata itatoa "tik tik" tu.

Fundi mwenye mita anakupatia jibu kwa muda mfupi: anaweka mita kati ya betri na waya wa hasi, anafunga gari, anasubiri kompyuta zilale, kisha anachomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Anayekwambia ununue betri mpya bila kupima hivyo, mshukuru na uondoke.

Nataka kufunga alamu. Niangalie nini fundi akifanya kazi?

Seti zinazouzwa Kariakoo au Kirinyaga Road zinafanana: kiboksi cha kontroli, king'ora, sensa ya mtikisiko, kataa kadogo, rimoti mbili, na furushi la waya za rangi. Ubora wa alamu yako utategemea mikono ya anayefunga zaidi kuliko jina lililo kwenye boksi.

Waya zisikatwe ovyo na kusokotwa kwa vidole kisha kuzungushiwa gundi ya umeme. Gundi hiyo, kwa joto la Dar, inayeyuka na kuteleza ndani ya miezi. Omba zichomewe kwa risasi na kuvikwa mpira unaonywea kwa joto. Waya wa umeme wa alamu uwe na fyuzi yake. Kiboksi kisiwekwe pale juu ya pedali ambapo kila mwizi anajua pa kuingiza mkono. King'ora kielekezwe chini kisijae maji, na kisifikiwe kwa mkono kutoka chini ya gari.

Halafu kuna suala la kuzuia injini, na hapa mteja lazima aamue mwenyewe. Fundi anaweza kupitisha relei ya alamu, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, kwenye waya wa stata, au kwenye waya wa swichi na pampu ya mafuta. Ushauri wetu ni stata. Relei ya stata ikifa, gari linakataa kuwaka ukiwa nyumbani au kazini, unakasirika na kupanda bajaji. Relei ya pampu ikifa, injini inazima ukiwa Morogoro Road katikati ya malori mawili. Ni kweli gari la gia za mkono lenye kizuizi cha stata linaweza kusukumwa likawaka. Kwa hilo ongeza kufuli la usukani, kifaa cha zamani kisicho na betri wala waya ambacho bado kinawaudhi wezi.

Mwisho, mwambie akuchoree au kukupigia picha wapi amegusa waya. Siku alamu ikigoma, fundi mwingine atakushukuru.

Nikipeleka gari kuoshwa au gereji, niwaachie rimoti?

Alamu nyingi za mtaani zina kiswichi kilichofichwa chini ya dashibodi cha kuzilaza kwa muda. Kwa kawaida unafungua swichi ya gari, unakibonyeza kiswichi mpaka kataa kabaki kanawaka bila kupepesa, na alamu inakuwa imelala huku sentro loki ikiendelea kufanya kazi. Fundi aliyefunga akuonyeshe kilipo siku ya kwanza. Unampa muoshaji ufunguo wa chuma tu, rimoti unabaki nayo. Ukilichukua gari, iamshe. Watu husahau, na gari hukaa miezi bila ulinzi wakati mwenyewe anadhani linalindwa.

Alamu itazuia wizi wa saitimira?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Anayeng'oa kioo cha saitimira hafungui mlango wowote na anamaliza kabla king'ora hakijafika sauti ya pili. Kuchora namba ya gari kwenye vioo kunapunguza bei ya mzigo wake kuliko alamu yoyote. Kama saitimira zako zinajikunja ukifunga kwa rimoti, ziache zijikunje.

Nasikia magari ya smati kii yanaibiwa bila kugusa ufunguo. Ni kweli au ni stori za WhatsApp?

Ni kweli. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walijaribu magari ya aina 10 na yote yakakubali. Smati kii inafanya kazi kwa gari kuuliza kwa mawimbi yasiyofika mbali "upo karibu?" na rimoti kujibu. Wezi wawili wanabeba antena: mmoja anasimama kando ya gari, mwingine kando ya ukuta wa nyumba ambako ufunguo umelala. Swali la gari linarefushwa hadi sebuleni, rimoti inajibu, gari linafunguka na kuwaka.

Usiuache ufunguo mezani karibu na mlango wa mbele. Mfuko wenye utando wa chuma unaozuia mawimbi unasaidia, ila upime: weka rimoti ndani, simama mlangoni kwa gari uvute kitasa. Likifunguka, umenunua pochi tu. Smati kii nyingi za Toyota pia zina namna ya kulala: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, kataa ka rimoti kapepese mara nne. Ukibonyeza kitufe chochote inaamka.

Mlango mmoja haufungi na wenzake. Ni rimoti?

Si rimoti. Kama mingine inaitika, tatizo ni mota ya loki ya mlango huo au waya zilizokatika pale zinapopita kwenye mpira kati ya mlango na bodi. Mlango wa dereva ndio huchoka kwanza.

Nilifungua kwa rimoti, nikachelewa kidogo, gari likajifunga lenyewe. Ni hitilafu?

Ni kazi yake. Ukifungua kwa rimoti na usifungue mlango wowote, gari linajifunga tena baada ya nusu dakika hivi, mengine dakika nzima, likidhani ulibonyeza kwa bahati mbaya mfukoni. Kwa hiyo usiweke ufunguo ndani, ukafunga mlango na kwenda kukagua tairi. Na kama ufunguo na mtoto vimefungiwa ndani juani, usipoteze muda kumtafuta fundi: vunja kioo kilicho mbali na mtoto. Kioo cha gari kinanunuliwa.

Nimenunua gari kwa mtu. Rimoti yake nyingine anaweza kuwa nayo?

Anaweza, hata kama amekuapia. Mwambie fundi asome kompyuta ya gari imeandikisha funguo ngapi, afute zote na kuingiza ulizo nazo mkononi. Kwa alamu za mtaani, nyingi hufuta za zamani zenyewe unapoingiza upya, ila lijaribu hilo, usilichukulie kuwa hivyo.

Rimoti imefuliwa na suruali, au imeingia baharini.

Toa betri mara moja, kabla ya kujaribu kubonyeza. Kama ni maji ya bahari, isuuze sahani kwa maji safi kwanza, maana chumvi ikikauka inakula shaba. Isugue taratibu kwa spiriti na mswaki laini, iache kivulini siku moja yenye hewa, kisha weka betri mpya. Juu ya dashibodi juani si mahali pa kuikaushia. Mchele pia hausaidii, unaacha unga tu. Wanaokwenda kuogelea Kigamboni au Diani wachukue ule ufunguo wa chuma ulio ndani ya smati kii na kufungia rimoti ndani ya gari ikiwa imelazwa, kama gari lao linakubali kufunga hivyo. Jaribuni nyumbani kwanza.

Ni kweli ukiweka rimoti kidevuni inafika mbali zaidi?

Ni kweli, kwa rimoti nyingi. Kichwa kimejaa maji na kinasaidia kutawanya mawimbi, kwa hiyo unaongeza mita kadhaa. Ukiwa umesahau ulipoegesha kwenye uwanja wa maegesho uliojaa, jaribu, hata kama watu watakushangaa.